Tulionalo si lote lililopo

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mjuzi wa yaliyo dhahiri na yaliyofichika. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake.

Wiki hii tunawapeleka wasomaji wetu Robanda, kijiji cha Waikoma wilayani Serengeti, mkoani Mara, kinachopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Huko tembo si mnyama wa kwenye picha. Hutoka porini usiku, akaingia shambani, na kwa saa chache akamaliza mahindi au mtama ambao familia imeuhangaikia msimu mzima.

Mnyama huyo mmoja huonwa kwa namna nyingi. Mgeni aliyesafiri kutoka Ulaya humtazama na kufurahi kwamba shauku yake ya miaka imetimia. Askari wa wanyamapori huiona amana ya taifa aliyokabidhiwa kuilinda. Mkulima huiona njaa ikija kwa miguu yake. Mzee wa Kiikoma huweza kuzikumbuka Machaba, pembe za tembo ambazo watu wake wamezitunza na kuzitukuza tangu enzi za mababu. Nasi Waislamu akili zetu hukimbilia jeshi la Abraha lililokusudia kuivunja Al-Kaaba.

Ni nani kati yao aliyesema uongo? Hakuna. Imamu Ghazali, na baada yake Rumi, wamesimulia kisa cha watu waliompapasa tembo wasiweze kumwona, na aliyeshika mguu akamfananisha na nguzo. Kosa lao halikuwa kupapasa. Kosa lilikuwa kushikilia kwamba kile alichokigusa kila mmoja ndicho tembo mzima.

Hata majina tunayovipa vitu hubadili tunavyoviona. Kabla hifadhi haijatangazwa mwaka 1951, mwanamume wa Kiikoma aliyerudi na nyama kutoka porini alikuwa mwindaji mwenye heshima zake. Baadaye, kwa tendo lilelile, aliitwa jangili. Vivyo hivyo, malipo ya mazao yaliyoliwa na wanyama huitwa kifuta jasho, na mtu akiuawa huitwa kifuta machozi, hayaitwi fidia. Kwa aliyeandika kanuni, jina hilo ni sahihi: Serikali inafariji, hailipi deni. Kwa aliyebaki na ghala tupu, jina hilohilo laweza kusikika kama kupanguswa uso na kuagwa. Lakini mkulima naye haoni yote. Robanda ni miongoni mwa vijiji vitano vinavyounda eneo la hifadhi ya jamii la Ikona, na wageni wanaokuja kumtazama tembo yuleyule mla mahindi huleta mapato yanayofika kijijini.

Sasa tuingie majumbani mwetu. Tuchukue mfano wa kijana aliyekesha shambani na baba yake, wakipiga madebe na kumulika tochi hadi alfajiri. Asubuhi anasinzia darasani, na mwalimu anamwona mvivu. Baba anarudi nyumbani kimya, uso umekunjamana. Mkewe anaona hapendwi tena. Mke naye, aliyekesha na hofu pamoja na wadogo, anatamka neno kali. Mume anaona amedharauliwa. Hakuna aliyezua kitu. Usingizi ulikuwapo, ukimya ulikuwapo, na neno kali lilikuwapo. Ila kila mmoja alijaza mwenyewe sehemu asiyoiona, na akaijaza kwa dhana mbaya. Ni ndoa ngapi zimevunjika kwa namna hii, na watoto wangapi wamechapwa kwa kosa ambalo hawakulitenda!

Je, hii ina maana kwamba hakuna ukweli, kila mtu na wake? Hasha. Haki ipo, ni moja, na Allah anaijua yote. Sisi ndio tusioweza kuiona yote kwa mara moja. Kwa sababu hiyo Sura ya al-Hujurat imetuamrisha kuichunguza habari kabla ya kuitendea kazi, na katika sura hiyohiyo tumetakiwa tujiepushe na dhana nyingi. Amri zote mbili zinamfaa mtu anayejua kwamba jicho lake lina mpaka.

Basi kabla ya hukumu, litangulie swali. Mwalimu amuulize mwanafunzi: ulilala jana usiku? Mke amuulize mumewe, na mume amuulize mkewe: umepatwa na nini? Mhifadhi na mkulima nao wakae mkeka mmoja, kila mmoja aeleze alichokiona kutoka aliposimama. Swali la namna hiyo halimgharimu mtu ila subira kidogo, na huenda likainusuru nyumba.

Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie uadilifu katika kutazama na subira katika kuhukumu. Amin.