Tusitupe adapta nzima kwa kosa la kompyuta mpya

Ukitoka mji wa Kasese kuelekea Katunguru, kabla hujafika daraja la mfereji wa Kazinga, kuna barabara ya vumbi inayokata kushoto ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth hadi kijiji cha wavuvi cha Hamukungu, kando ya Ziwa George. Waliowahi kulala huko wanajua kwamba jua likizama hakuna anayezurura. Viboko hutoka ziwani kula majani, na tembo na simba ni majirani wa kila siku. Kijana asiyekwenda ziwani usiku huo anabaki na mambo mawili: kulala mapema au kwenda kwenye kibanda cha gemu.

Nilipita Hamukungu kwa shughuli zangu nyingine kabisa, nikamkuta mwenye kibanda kimoja amekaa mlangoni, mikono shavuni. Mbele yake palikuwa na laptopu aliyoinunua Kasese, imetumika lakini bado ina nguvu, na pedi nne za PlayStation 2 zilizofungwa pamoja kwa mpira wa baiskeli. Kati ya pedi na laptopu ndipo palipokuwa na ugomvi: kidude cheusi chenye matundu mawili upande mmoja na waya wa USB upande wa pili. Hiyo ndiyo adapta. Aliinunua Bwera siku ya soko, miaka mingi iliyopita, na kwenye kompyuta yake ya zamani ilifanya kazi bila kulalamika. Kompyuta ile ilipokufa kwa vumbi na umeme wa sola usiotulia, akajikusuru kununua nyingine. Gemu la mpira likafunguka vizuri, picha safi, sauti safi, lakini mchezaji hakusogea hata hatua moja.

“Mzee, hii kitu haijakufa,” aliniambia. “Angalia, taa yake inawaka.”

Alisema kweli. Adapta haikuwa imekufa. Na hilo ndilo ninalotaka tulijadili leo, ndugu msomaji, kwa sababu ninaamini kwamba katika nchi zetu tunatupa vitu vizima kila siku kwa kuambiwa kwamba ni vibovu, na anayetuambia hivyo mara nyingi ndiye anayetuuzia vipya.

Tuanze kwa kuelewa tatizo lenyewe. Pedi ya PlayStation 2 haizungumzi lugha ya USB. Ina lugha yake, na ndani ya adapta mna chipu ndogo inayofanya kazi ya mkalimani: inasikiliza vitufe vya pedi, kisha inaieleza kompyuta kwa lugha ya USB. Bahati nzuri, tangu miaka ya 1990 waliotunga USB waliweka utaratibu wa pamoja kwa vifaa vinavyoguswa kwa mkono, yaani kibodi, mausi na pedi. Adapta iliyofuata utaratibu huo hutambuliwa na kompyuta bila kuhitaji kitu kingine. Ndiyo maana taa iliwaka, na kompyuta ikatoa mlio wa kuipokea.

Sasa tatizo liko wapi? Liko katika sehemu mbili. Kwanza, watengenezaji wa adapta hizi za bei nafuu waliongeza mambo nje ya utaratibu, hasa ule mtetemo wa pedi unapogongwa au kufungwa goli. Kwa ajili hiyo waliweka kwenye boksi kisahani cha CD chenye programu ndogo iitwayo draiva. Kisahani cha kijana wetu kiliandikwa kuwa ni cha Windows 98, 2000 na XP. Laptopu yake haina hata mahali pa kuweka CD. Na hata kama ingekuwapo, Windows 11 iliyotoka mwaka 2021 ni ya biti 64 peke yake, na draiva ya biti 32 haiwezi kuingia humo. Isitoshe, tangu Windows Vista ya mwaka 2007, toleo la biti 64 hukataa draiva ya ndani ya mfumo isiyokuwa na saini inayotambulika.

Pili, gemu zenyewe zimebadilisha masikio. Mwaka 2005, wakati wa Xbox 360, Microsoft ilileta njia mpya ya gemu kusikiliza pedi, na watunga gemu wengi wakaifuata hiyo na kuiacha ile ya zamani. Kwa hiyo adapta inaongea, kompyuta inasikia, lakini gemu limeziba masikio. Kijana akibonyeza kitufe cha kupiga shuti, ni sawa na mtu anayepiga hodi kwenye nyumba ambayo mlango wake umehamishiwa upande wa pili.

Kutokujua haya kulimgharimu. Mtu mmoja mjini alimwambia kwamba adapta na pedi zote ni takataka, anunue mpya. Bei aliyotajiwa ilizidi mapato yake ya wiki kadhaa, kwa mtu anayelipwa sarafu kwa kila mchezo. Mwingine akampa flashi yenye “draiva zote za dunia”. Alipoifungua, virusi vikaingia, na mafaili yakaanza kupotea. Hapo ndipo mzaha ulipokwisha, kwani laptopu ile haikuwa ya gemu tu. Mchana ndiyo inayochapa barua za wanakijiji, maombi ya kazi na hesabu za chama cha wavuvi. Kwa ajili ya kidude cha bei ya kilo chache za samaki, karatasi za kijiji kizima zilikuwa hatarini.

Najua wapo watakaosema, “Hayo ni mambo ya watoto na michezo yao, serikali ina kazi kubwa zaidi.” Naomba tusiwe wepesi wa kudharau. Leo ni adapta ya pedi, kesho ni printa ya shule ambayo haikubali kompyuta mpya ya mwalimu mkuu. Keshokutwa ni skana ya ofisi ya kata, au mashine ya maabara inayotegemea kompyuta ya zamani kwa sababu draiva yake haikuandikwa upya. Mnamo Oktoba 14, 2025 msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma, na kompyuta nyingi ambazo bado ni nzima haziruhusiwi rasmi kupokea Windows 11. Atakayenunua nyingine atakutana na tatizo la Hamukungu, awe anacheza gemu au hachezi.

Wengine watasema kwamba masharti ya saini yamewekwa kwa usalama wetu. Hilo nalikubali kabisa. Draiva huingia ndani sana ya kompyuta, na flashi ile imetufundisha kwamba si kila anayekuja na draiva ni rafiki. Kwa hiyo simshauri mtu azime ulinzi wa kompyuta anayofanyia kazi ili tu pedi itetemeke. Ninachokataa ni kampuni kuuza kifaa, kuacha kuandika draiva yake, na wakati huohuo kuficha maelezo ambayo yangemwezesha mwingine kuiandika.

Na inawezekana kabisa kufanya vinginevyo. Mfumo wa Linux, ambao ni wa bure, una draiva za adapta nyingi za namna hii, zikiwamo zile zenye chipu za GreenAsia na PantherLord, mtetemo ukiwamo. Ziliandikwa na watu waliojitolea kuchunguza adapta hizo, na kwa kuwa maandishi yake yako wazi, kompyuta zinapobadilika kuna anayeweza kuzirekebisha. Wavuvi wa Hamukungu wanaielewa hoja hii kuliko mimi. Mashine ya boti ya zamani bado inasukuma mtumbwi kwa sababu fundi anaweza kuifungua, kuona ilivyo ndani na kupata au kuchonga kipuri. Ingekuwa imefungwa kwa siri, ingekuwa chuma chakavu siku nyingi.

Basi tufanye nini? Kwa mwenye kibanda, kabla hajatupa, ajaribu. Kwenye Windows aandike “joy.cpl” katika sehemu ya kutafutia, afungue dirisha la pedi na abonyeze vitufe. Vikijibu pale, adapta ni nzima na tatizo ni gemu. Programu ya bure ya Steam inaweza kufanya ukalimani kati ya pedi ya zamani na gemu jipya, na hata gemu ambalo halikununuliwa huko linaweza kuongezwa ndani yake. Visipojibu, aijaribu adapta hiyo kwenye Linux, ambayo inaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kufuta kilichomo kwenye kompyuta. Na draiva isichukuliwe kwa mtu wa njiani.

Kwa serikali zetu za Afrika Mashariki, nasema hivi: zinaponunua vifaa vya shule, hospitali na ofisi, ziweke sharti kwamba kifaa kifuate utaratibu wa pamoja, na kwamba kampuni ikiacha kukihudumia, itoe maelezo yake hadharani. Jambo hili si ndoto. Umoja wa Ulaya uliwaambia watengenezaji wa simu kwamba kuanzia Desemba 28, 2024 simu mpya zinazouzwa kwao zichajiwe kwa USB-C, na wakatii. Mwaka huohuo ukapitisha sheria ya haki ya mnunuzi kutengenezewa kifaa chake. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ni soko kubwa. Tukizungumza kwa sauti moja, tutasikika. Kila mmoja akizungumza peke yake, tutaendelea kuwa jalala la vifaa ambavyo havijafa.

Kijana wa Hamukungu tulimsaidia kusafisha laptopu kwanza, kisha tukajaribu pedi. Vitufe vyote vilijibu. Mtetemo haujarudi, na baadhi ya mafaili ya wanakijiji hayakupatikana tena. Lakini jioni ile watoto wa wavuvi walijaa kibandani wakisubiri zamu, na pedi zilikuwa zilezile za zamani.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Tusiwe watu wa kutupa mbachao kwa sababu tu mwenye duka ametuonyesha msala.