Michezo bila daftari hupotea bila habari

Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kengele ya kipindi cha kwanza, vyumba vya walimu kote nchini havikosi mjadala wa mechi za wikendi. Huyu humlaumu kipa, yule humlaumu kocha, na wa tatu huapa kwamba refa alihongwa. Nje ya madarasa, wanafunzi nao huwa na bunge lao la namna iyo hiyo. Hata hivyo, ukiwauliza wabishi hao hoja zao wamezitoa wapi, aghalabu watakutajia mtangazaji fulani wa redio, au tangazo la kampuni ya kamari. Ni wachache mno watakaokujibu kwamba walikaa, wakatazama na kuhesabu wenyewe.

Ni dhahiri kwamba nchi hii haina uhaba wa maneno kuhusu michezo. Uhaba tulio nao ni wa uchambuzi ulio huru. Uhuru ninaoutaja si ule wa kuwatukana viongozi wa michezo kila wiki. Mchambuzi huru ni yule asiyekuwa na deni kwa klabu, kwa shirikisho wala kwa mfanyabiashara wa kamari, na ambaye msomaji wake anaweza kuukagua ushahidi wake. Swali ni hili: je, mtu mmoja asiye na mtaji wala cheo anaweza kuanzisha kijarida cha aina hiyo kikadumu?

Jibu tunalipata Marekani, katika mchezo wa besiboli, ambao wengi wetu hatuucheze wala kuutazama. Katika miaka ya 1970, Bill James alikuwa mlinzi wa usiku katika kiwanda cha kusindika maharagwe mjini Lawrence, jimbo la Kansas. Hakuwa mwandishi wa gazeti, hakuwahi kuchezea klabu kubwa, wala hakuwa na kibali cha kuingia katika vyumba vya wachezaji. Alichokuwa nacho ni muda wa usiku, takwimu za mechi zilizochapwa magazetini, na maswali. Mwaka 1977 alijichapishia kitabu chembamba cha kurasa 68 alichokiita Baseball Abstract. Wanunuzi walikuwa 75 hivi. Mtu mwingine angalikata tamaa, lakini mwaka uliofuata alitoa toleo jingine, na mwaka uliofuata jingine tena. Ilipofika mwaka 1982, shirika kubwa la uchapishaji lilikichukua kitabu hicho, kikasomwa nchi nzima.

Ni kitu gani kilichowavutia wasomaji? Chukua mfano mmoja. Kwa miaka mingi ubora wa mlinzi katika besiboli ulipimwa kwa idadi ya makosa aliyoandikiwa: aliyekosea mara chache alisifiwa. James aliuliza swali ambalo hata mtoto angeweza kuliuliza. Je, mchezaji mzito asiyeufikia mpira kabisa, na kwa hiyo asiandikiwe kosa, ni bora kuliko mwepesi anayeukimbilia mbali na mara moja moja kuuponyoka? Badala ya kuhesabu makosa, yeye akahesabu mipira ambayo kila mlinzi alifanikiwa kuishughulikia. Baadhi ya sifa zilizokuwa zimekubaliwa na wote zikaanza kutiliwa shaka. Hakumkashifu mtu, alibadilisha tu kinachohesabiwa.

Halafu akagonga mwamba. Kumbukumbu kamili za kila mechi, tukio baada ya tukio, zilikuwa mikononi mwa kampuni iliyotunza takwimu rasmi, na umma haukuruhusiwa kuzipata. Mwaka 1984 James aliwaomba wasomaji wake wajitolee: kila mmoja atazame mechi, aandike kila kilichotokea, kisha kumbukumbu hizo zikusanywe pamoja. Wakaitikia. Miaka mitano baadaye, mwaka 1989, David Smith, mhadhiri wa biolojia katika Chuo Kikuu cha Delaware, alianzisha Retrosheet, jumuiya ya watu wa kujitolea wanaokusanya kumbukumbu za mechi za zamani na kuzitoa bure. Walimu wanaosoma safu hii wazingatie kwamba kazi hiyo kubwa ilianzishwa na mwalimu mwenzao.

Wahenga wetu walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Michezo ni mali yetu, tena mali tunayojivunia duniani kote. Je, daftari lake li wapi? Kila shabiki wa Gor Mahia anajua kwamba mwaka 1987 klabu hiyo ilitwaa Kombe la Washindi barani Afrika. Wachache wanajua kwamba fainali dhidi ya Espérance ya Tunisia ilikuwa sare mara mbili, 2-2 mjini Tunis na 1-1 jijini Nairobi, na kwamba mabao ya ugenini ndiyo yaliyoamua. Ni wachache zaidi wanaoweza kueleza mechi hizo zilivyochezwa, dakika baada ya dakika. Waliozishuhudia wanazeeka, na kumbukumbu zinaondoka nao.

Hata katika riadha, tunakotamba, mara nyingi tunaridhika na muda wa mwisho peke yake. Oktoba 2023, mjini Chicago, marehemu Kelvin Kiptum alivunja rekodi ya dunia ya marathoni kwa saa 2, sekunde 35. Habari iliishia hapo kwa wengi. Mchambuzi angeigawa mbio ile mara mbili na kuona kwamba nusu ya kwanza ilimchukua dakika 60 na sekunde 48, ilhali ya pili ilimchukua dakika 59 na sekunde 47. Alikimbia kwa kasi zaidi wakati ambapo miguu ya wengine huwa imechoka. Mwalimu anayewafunza vijana mbio ndefu atafaidika na tarakimu hizo mbili kuliko kurasa kumi za sifa.

Sasa tulikabili suala la fedha, ambalo ndilo hukiua kijarida. Njia iliyo rahisi ni kuchukua matangazo ya kamari. Mwenye kijarida na ajihadhari nayo kwa sababu mbili. Kwanza, mfuko mmoja ukifungwa, aliyeutegemea huanguka. Agosti 2019 SportPesa ilitangaza kusitisha udhamini wake wa michezo nchini, na vilabu vilivyouegemea vikabaki vikihangaika. Pili, na hili ndilo zito zaidi, muuza kamari anahitaji msomaji mwenye uhakika, ilhali mchambuzi mwaminifu hulazimika mara nyingi kusema kwamba ushahidi hautoshi. Watu hawa wawili hawawezi kukaa katika ukurasa mmoja bila mmoja wao kumpotosha mwenziwe. Nasi tunajua ni wanafunzi wangapi wamecheza karo kwa kuamini utabiri wa mtu asiyewahi kutoa hesabu ya mara alizokosea.

Kijarida huru hakina budi kulipiwa na wasomaji wake, hata kama ni shilingi chache, hata kama ni 75. Mwenye nacho na asiache kazi yake siku ya kwanza. James alikesha kiwandani huku akiandika. Na atoke kwa tarehe aliyoahidi, kwa kuwa msomaji aliyelipa husamehe udogo wa kijarida kuliko anavyosamehe ahadi iliyovunjwa. Zaidi ya hayo, kila mwaka achapishe orodha ya mambo aliyoyakosea. Hapo ndipo msomaji atakapomtofautisha na watabiri.

Yamkini utauliza, uanzie wapi? Usianzie Ligi Kuu ya Uingereza, ambayo ina wachambuzi wa kutosha. Anzia michezo ya shule katika kaunti yako, ambako pengine hakuna anayeandika. Wanafunzi wanne wenye madaftari wanaweza kuandika kila shuti, kila kona, na kila badiliko la mchezaji. Mwalimu wa hisabati atawafunza wastani na asilimia kwa tarakimu walizokusanya wenyewe, naye wa Kiswahili atawafunza kuziandikia makala isiyomwonea mtu. Kisha nakala zitolewe na kuuzwa kwa wazazi.

Mmoja wa wanafunzi hao huenda siku moja akavaa jezi ya Harambee Stars au ya Harambee Starlets. Siku hiyo taifa litauliza alianza vipi, na jibu linafaa liwe limeandikwa na waliomwona.