Tulivyocheza Buhehe

Mwezi uliopita safu hii ilikuwa ya mihogo na ugonjwa wake. Mwezi huu tunawaletea habari za mchezo. Msigeuze ukurasa haraka, maana mchezo wenyewe umetukosanisha wazazi, na hatujamaliza kusemezana mpaka leo.

Ilikuwa hivi. Kijana mmoja aliyekulia hapa kambini, akaondoka na wazazi wake kwenda Marekani, amerudi kumsalimu shangazi yake aliyeolewa Buhehe, kusini mwa mji wa Busia upande wa Uganda. Akatupigia simu: njooni Jumamosi, mlete na watoto, nina kitu nataka kuwaonyesha. Basi tukaenda watu wanane: sisi watatu wa safu hii, vijana watatu wa sekondari, na baba mmoja na binti yake wa miaka 13.

Wenye kumbukumbu za 2008 njia hiyo wanaijua. Ndugu waliokimbia vurugu za uchaguzi wa Kenya walivukia Busia na Malaba, wengi wakakaa Mulanda wilayani Tororo kabla ya kupelekwa Kiryandongo. Mmoja wetu alipita hivyo hivyo, na godoro kichwani na kuku mmoja mkononi. Tulipofika Busia mjini alinyamaza kabisa, hata tulipomtania kwamba huu ndio mji uliotupa neno bodaboda. Tukamwacha. Tukapanda gari la Buhehe.

Shangazi alitupokea kwa ugali wa muhogo na samaki, halafu tukaketi chini ya mwembe. Kijana akatoa mfuko mdogo wa dadu. Si hizi za ludo! Moja ina pande 4, nyingine 8, nyingine 12, na kubwa yao ina pande 20. Akasema amezinunua Indianapolis, mji anaoishi, kwenye mkutano mkubwa wa wapenzi wa michezo ya mezani unaoitwa Gen Con.

Hebu tuwaeleze jina hilo, maana lilituchekesha. Mkutano ulianza 1968 katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, na mwanzilishi wake alikuwa Gary Gygax. Wakati ule walicheza zaidi michezo ya vita, vile vijeshi vidogo vya mezani. Kiingereza kinatumia neno moja kwa mkataba na kwa mkutano mkubwa, kwa hiyo jina ni utani juu ya Mikataba ya Geneva, ile ya sheria za vita. Sisi hapa Geneva yetu ni ile ya mkataba wa wakimbizi wa 1951. Mzee mmoja aliposikia hivyo akauliza, "Kwa hiyo huko nako mnajiandikisha?" Kijana akacheka akasema, "Tunajiandikisha sana, mzee, na tunavaa kadi shingoni siku zote nne."

Alikwenda Agosti 2023. Mwaka huo walifika watu zaidi ya 70,000. Kiingilio cha siku zote kilizidi dola 100, na yeye anabeba maboksi ghalani, alijinyima kweli kweli. Anasema foleni ya kununua dadu ilikuwa ndefu kuliko foleni yoyote ya mahindi aliyowahi kusimama hapa, ila huko watu wanasimama wakitabasamu, na wengine wamevaa mabawa na mapembe ya kutengeneza. Siku ya kwanza alitaka kurudi nyumbani. Umati ulimtisha. Alikaa ukutani saa mbili mpaka mama mmoja mzee, Mzungu, akamwita: meza yetu imepungukiwa mtu, njoo.

Mchezo wenyewe ndio huu. Watu wanne au watano wanazunguka meza. Mmoja ni msimulizi. Anasema, mko mbele ya mto, daraja limekatika, usiku unaingia, mnafanyaje? Kila mchezaji ana mtu wake aliyembuni, amemwandika kwenye karatasi: jina, anatoka wapi, anajua kazi gani, anaogopa nini. Ukitaka kuruka mto unasema, halafu dadu ndiyo inayoamua kama utafika au utaanguka. Bao na drafti tunazozijua lazima mmoja amfunge mwenzake. Huku hakuna anayemfunga mwenzake, wote wanavuka au wote wanalowa. Mchezo wa kwanza wa namna hii kuuzwa dukani ulitoka 1974, Dungeons & Dragons, wa Gygax na Dave Arneson. Walichapa nakala 1,000 tu, wakapanga masanduku kwa mikono. Gygax alikuwa akishona viatu kwenye chumba cha chini cha nyumba yake ili watoto wale. Hapo mafundi viatu wetu mjisikie.

Wako wanaosema ni mchezo wa mashetani. Hata Marekani miaka ya 1980 wazazi wengi walisema hivyo, na ilikuwa kelele kubwa magazetini. Sisi tulikaa pale kuanzia saa nane mchana mpaka giza, hatukuona shetani. Tuliona majitu mawili na mbuzi anayesema.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Kijana aligawa karatasi, akamgeukia yule binti akamuuliza, "Wewe ni nani?" Mtoto akakaa wima, akataja jina lake kamili, namba ya kadi ya rasheni, idadi ya watu katika familia, siku waliyovuka mpaka na mahali walipovukia. Vile vile kama anavyojibu ofisini. Vijana wakacheka, halafu wakaacha kucheka.

"Hapana, dada mdogo," kijana akasema polepole. "Hapa mezani unaweza kuwa mtu yeyote unayemtaka."

Binti akatazama karatasi muda mrefu, mpaka chai yake ikapoa. Kisha akasema, "Mimi ni mvuvi. Nina mtumbwi wangu. Sijawahi kuhama kwetu."

Baba yake akasimama. Hakupiga kelele, ila sauti ilitetemeka. "Kijana wangu, wewe umeshafika, huna shida tena. Sisi mwezi wa tatu tuna mahojiano. Nimemfundisha huyu maneno yale yale miaka mitano. Ukimzoesha kubadilisha maelezo, siku hiyo akisema mvuvi, nani atatuamini?"

Wasomaji, msimcheke. Nani kati yetu hajui familia iliyokwama kwa sababu mtoto alitaja mwezi mmoja na mama akataja mwingine? Tumejifunza kuwa na maelezo mamoja na kuyabeba kama yai. Mmoja wetu aliona baba ana haki kabisa na mchezo ukome pale pale. Mwingine akasema mtoto wa miaka 13 anajua tofauti ya ofisi na mwembe, na kwamba asipopata mahali pa kusema uongo wa furaha, hata ule ukweli wake atausema kama kasuku. Wa tatu (yule wa kuku) hakusema kitu.

Kijana alijibu kwa adabu. Akasema yeye pia, pale mezani Indianapolis, alipoulizwa yeye ni nani, alianza na namba. Yule mama mzee hakuielewa, akamwambia tu, sawa, na unapenda kula nini? Alishindwa kujibu. "Miaka yote ile, baba, hakuna aliyeniuliza."

Baba akakaa. Hakukubali, alikaa tu. Mchezo ukaendelea. Walipofika kwenye mto wenye daraja lililokatika, kila mtu akamtazama mvuvi, maana ndiye mwenye mtumbwi. Akatupa dadu: 3. Wakazama nusu. Akatupa tena: 17. Baba akauliza, bila kuinua macho, "Huo mtumbwi unabeba watu wangapi?"

Vijana wetu wanataka kuendelea hapa kambini Jumamosi. Dadu hatuna, lakini vipande 20 vya karatasi vyenye namba ndani ya kikombe vinafanya kazi hiyo hiyo, tumejaribu. Wazazi mnaoona hatari aliyoiona yule baba, njooni mseme kabla hatujaanza, tutasikiliza.

Karatasi ya mvuvi haikuja nasi. Imebaki Buhehe kwa shangazi, ndani ya kopo la majani ya chai. Baba ndiye aliyeomba iwekwe huko, na ndiye aliyefunga kifuniko.