Kompyuta Iliyofungiwa Kabatini

Mtoto wa mwenye uwezo hujifunza kompyuta nyumbani. Wa kwetu je? Yeye hutegemea shule.

Huko Kenya, mwaka 2016 serikali ilianza kugawa vishikwambi, yaani kompyuta ndogo za kushika mkononi, kwa darasa la kwanza katika shule za msingi za umma. Vilivyogawiwa vilipita milioni 1. Lakini baadhi ya shule zilivifungia kwa kuhofia wezi, na kwingine walimu hawakuwa na ujuzi wa kutosha. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, vilivyobaki kabatini havikuwafaa watoto walioko nyumbani.

Sisi wauguzi twajua kwamba dawa iliyo kabatini haimponyi mgonjwa.

Basi kwenye mkutano wa wazazi uliza kwa upole: Mwanangu hukishika mara ngapi kwa wiki? Wasichana nao hupata zamu? Kikiharibika hutengenezwa na nani? Ikiwa tatizo ni wezi, usimlaumu mwalimu. Wazazi changeni, mtie nondo madirishani na kufuli imara mlangoni, kisha kabati lifunguliwe.