Wimbo wa Bustani ya Pweza

Mwezi wa 8 mwaka 1968 Ringo Starr, mpiga ngoma wa kundi la Beatles la Uingereza, aliacha kazi. Alijiona hapigi vizuri tena, na wale watatu wanapendana wakimwacha nje. Alisimulia kwamba alipomwambia John, kisha Paul, kila mmoja alishangaa: kumbe naye alijiona hivyo hivyo! Sisi walimu tunawajua watoto wa namna hii.

Akaenda na bibi na watoto kisiwani Sardinia, Italia. Kule, kapiteni wa mashua alimweleza kwamba pweza, mnyama wa bahari mwenye mikono minane, huokota mawe na vitu vinavyong'aa, anavipanga kama bustani. Ringo akatamani naye akae chini ya maji. Ndipo wimbo “Octopus's Garden” ulipoanza.

Aliporudi alikuta ngoma zake zimepambwa maua. Wimbo ulikuwa bado nusu. George Harrison akamsaidia kuutengeneza. Mapovu tunayoyasikia ndani yake ni Ringo akipuliza kwa mrija ndani ya glasi, mchezo ule ule tunaowakatalia watoto mezani.

Ulitoka mwezi wa 9 mwaka 1969. Mwaka uliofuata kundi likavunjika, lakini wimbo watoto wanauimba bado.