Saumu ya Dubu Mweupe



Wasomaji wapenzi, juma hili naomba ruhusa niwatoe nje ya mji wetu, nje kabisa, niwapeleke mahali ambapo lugha yetu ina maneno machache tu ya kueleza kila kitu kilichoko huko. Msiwe na wasiwasi. Nitawarudisha salama.

Kakangu anaishi Winnipeg, nchini Kanada, yeye na mkewe na watoto wao. Bintiye mkubwa ana miaka 16. Tangu udogo wake msichana huyu hupenda wanyama kwa mapenzi ambayo sisi watu wa nyumba hii hatukuyazoea. Paka wa mtaani ndio mwisho wetu. Katika mji wao kuna bustani ya wanyama ya Assiniboine Park, na humo tangu mwaka 2014 imetengwa sehemu ya wanyama wa kaskazini, wakiwamo dubu weupe waliookotwa wangali wadogo, hawana mama. Binti yetu alikuwa akijitolea huko kila Jumamosi baada ya chuo. Siku moja akapata barua: amechaguliwa kwenda kambi ya uongozi kwa vijana wanaohifadhi wanyama wa Aktiki, katika mji wa Churchill. Kambi za namna hiyo si ngeni huko. Shirika la Polar Bears International, kwa mfano, limewahi kuziandaa. Wanafunzi wa sekondari hukaa siku chache na wanasayansi, wakaona kwa macho yao, kisha kila mmoja hurudi kwao na ahadi ya kazi atakayoifanya.

Hapo ndipo simu zilipoanza.

Nakiri mbele yenu kwamba mimi nilikuwa miongoni mwa waliosema asiende. Hoja nilikuwa nazo, nikazipanga moja juu ya nyingine kama sahani za shughuli: ni msichana, yuko peke yake, baridi ni ya kuua, chakula hatukijui, na mnyama wanayekwenda kumtazama hula watu. Mamangu, ambaye ndiye nyanya yake, hakusema mengi. Aliuliza neno moja tu: “Huko nani atamwamsha Alfajiri?”

Kakangu ni mpole, na kubishana na dada yake mkubwa hakuwezi. Akanijibu kwa kisa. Inuvik ni mji mdogo ulio ndani kabisa ya Aktiki, na Waislamu wake wachache walikuwa hawana msikiti wa kuwatosha. Kujenga huko ni ghali mno. Basi taasisi moja ya Waislamu wa Manitoba, ya Zubaidah Tallab, ikaujenga msikiti mzima Winnipeg, ukapakiwa juu ya lori, kisha ukatiwa katika tishari na kuteremshwa na mto Mackenzie, safari ya kiasi cha kilomita 4,000, hadi ukafika Inuvik mwezi wa Septemba 2010. “Dada,” akaniambia, “ikiwa msikiti ulitoka mji huu ukaenda kaskazini, ukakaa na watu wakaswali ndani yake, binti yangu atashindwa kwenda na kurudi?”

Sikuwa na jibu. Hata hivyo akaomba likizo kazini na kumsindikiza mwenyewe kwa gari la moshi, siku mbili njiani, maana barabara ya kufika Churchill hakuna. Yeye alibaki mjini na binti akaenda kambini.

Churchill haumo ndani ya mstari wa Aktiki, bali uko kizingitini mwake, ukingoni mwa Ghuba ya Hudson. Wakazi wake hawafiki 1,000. Ni desturi ya watu wa hapo kutofunga magari yao kwa ufunguo, ili mtu akikutana na dubu njiani apate pa kujitupa. Dubu anayezoea kuingia mjini hukamatwa na kuwekwa katika jengo lake maalumu, hapewi chakula, ila maji tu, asije akaona kuwa kwa wanadamu kuna karamu. Kambi yenyewe ilikuwa nje ya mji, katika vyumba vya magurudumu vilivyoungwa kama mabehewa, juu ya uwanda usio na mti. Hakuna aliyeruhusiwa kushuka. Binti alikula samaki, mayai na mboga, na ndoo yangu ya wasiwasi ikapungua maji kidogo.

Swala ndiyo aliyoieleza kwa urefu. Mwisho wa mwezi wa Oktoba mchana wa huko ni wa saa 9 hivi, kwa hiyo Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zilikuwa zikifuatana kama watoto wanaokwenda chuoni. Kwa kuwa ni msafiri, alipunguza na kukusanya. Kisha kibla. Sisi wa Mombasa hatuna tabu nacho; Makka iko kaskazini yetu moja kwa moja, hata mabaharia wetu wa zamani wakiuita upande wa kaskazini kwa jina hilo hilo la kibla. Kutoka Churchill ni kaskazini-mashariki, yaani kuielekea ghuba yenyewe. Asubuhi ya pili alipotandika mswala karibu na dirisha, nje palikuwa na dubu amejilaza ufuoni, kichwa juu ya mikono, akiitazama bahari. Akaniandikia: “Shangazi, sote wawili tulikuwa tumeelekea upande mmoja.”

Yeye alijua alilokuwa akilielekea. Dubu je, alikuwa akitazama nini?

Dubu mweupe hapati riziki yake nchi kavu. Chakula chake ni sili, mnyama wa baharini mwenye mafuta mengi, naye humvizia juu ya barafu, kwenye tundu ambalo sili huchomoza kuvuta pumzi. Katika Ghuba ya Hudson barafu yote huyeyuka wakati wa joto. Dubu hupanda pwani wakafunga. Hutafuna matunda ya porini, majani na mayai ya ndege, lakini mwili wake mkubwa haushibi kwa hayo. Utafiti uliotolewa mwaka 2024 uliwafuata dubu 20 wa eneo hilo kwa majuma matatu, wakiwa wamevishwa kamera shingoni. 19 kati yao walikonda, kwa wastani wa kilo 1 kila siku. Ndiyo sababu mwezi wa Oktoba na wa Novemba hukusanyika karibu na Churchill, mahali ambapo maji ya mito hupunguza chumvi ya bahari na barafu hushika mapema. Wanangoja futari.

Ndugu zangu, funga twaijua. Twaijua njaa ya Alasiri na uzito wa saa ya mwisho. Lakini saumu yetu ina Magharibi, na Magharibi haijapata kutuhini. Ya dubu inasogezwa mbele. Barafu yavunjika mapema kuliko zamani na yachelewa kurudi, hata muda wao wa kukaa pwani umezidi kwa majuma matatu hadi manne kuliko ilivyokuwa katika miaka ya 1980. Kisa ni moshi wetu wanadamu, wa makaa ya mawe, mafuta na gesi, ambao hewa yake ya ukaa imeizunguka dunia kama blanketi lisilotolewa mchana wala usiku.

Katika yote aliyonisimulia, lililonikaa moyoni ni habari ya mama. Dubu jike mwenye mimba haendi barafuni wenziwe wanapokwenda. Huchimba pango katika udongo, wengi wao katika hifadhi ya Wapusk iliyo jirani na Churchill (na jina hilo katika lugha ya Wacree maana yake ni dubu mweupe), akajifungua humo kati ya Novemba na Desemba, mara nyingi pacha. Kila kitoto hakifiki hata kilo 1. Huwanyonyesha hapo hadi waweze kutembea, naye hajala chochote; funga yake yaweza kufika miezi 8. Akiba yote ni mafuta aliyoyapata kabla ya barafu kuvunjika. Yakipungua, maziwa hukauka. Wanawake waliolea mtoto mwaka wa shida hawahitaji mwanasayansi awafafanulie hapo.

Dubu wa upande huo wa magharibi ya ghuba walikuwa kiasi cha 1,200 katika miaka ya 1980. Mwaka 2016 walikadiriwa kuwa 842, na mwaka 2021 wakawa 618.

Nilimuuliza kama watu wa kaskazini wenyewe wanakubaliana na haya. Akacheka, akasema swali hilo ndilo waliloketi nalo kambini jioni nzima. Wainuit wamekaa na dubu tangu mababu, humwinda kwa mgao uliowekwa, nyama wakala na ngozi wakavaa, na wako wazee wao wanaosema kwamba katika maeneo yao dubu hawakupungua, na kwamba wageni humlilia dubu wakamsahau mtu anayeishi naye. Nami nawasikia. Sisi watu wa pwani twajua uchungu wa kuwekewa sheria ya bahari na mtu asiyejua kuogelea. Lakini barafu kupungua hata wao wanaiona, tena wanaiona kwanza, maana ndiyo njia yao.

Sasa ile ahadi. Kila kijana alitakiwa arudi kwao na kazi moja. Binti yetu akachagua magari. Winnipeg katika Januari baridi yaweza kushuka nyuzi 30 chini ya sufuri, na wazazi wanaowangoja watoto nje ya chuo hawazimi injini. Huketi ndani ya joto, moshi ukapanda. Siku moja akahesabu magari 21 yakinguruma pamoja. Basi Jumapili moja akaomba ruhusa, akasimama mbele ya wazazi na picha ya dubu aliyekonda, akasema yote aliyofunzwa. Watu wakasikitika sana. Wengine wakasema masikini. Kisha wakatoka, wakaingia garini, wakawasha.

Usiku huo alimpigia nyanya yake simu akilia. Mimi nilikuwapo. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, tena kwa subira ambayo sisi wanawe hatukuipata tulipokuwa wadogo. Babake mama alikuwa mvuvi, na mama mwenyewe aukumbuka vizuri mwaka 1998, joto la bahari lilipoyageuza matumbawe yetu yakawa meupe kama mifupa, na wavuvi wakarudi wakisimulia wasiaminiwe. Kwa hiyo hakumwambia anyamaze. Alimwambia: “Mwanangu, wewe wawapa habari za dubu, nao nyuma ya gari wana watoto wanaotetemeka. Huwezi kumshinda mama kwa mtoto wa mwenzake. Anza na wake.”

Akaanza na wao. Alikwenda kwa akina mama kwanza, mmoja mmoja, akawaonyesha kwamba magari yamepangwa mbele ya mlango ule ule ambao watoto wadogo huingilia, na moshi huingia darasani nao. Akauliza mbona wazazi wangoje nje, na ukumbi umo ndani una joto? Ilitokea kuwa hakuna aliyewahi kuuliza. Mlango ulikuwa ukifunguliwa saa ya kutoka tu kwa sababu ndivyo ulivyokuwa ukifunguliwa tangu zamani. Kamati ikakubali kuufungua nusu saa mapema. Mama mmoja akaleta birika la chai ya maziwa, juma la pili mwingine akaleta mahamri, na baada ya hapo hapakuwa na haja ya hotuba. Akina baba walifuata mahamri. Mwezi wa pili akahesabu magari 6. Mzee mmoja mpaka leo hazimi injini, akipita humpungia mkono na kumwita Bi Dubu.

Nilimwambia, kwa ule ukali wangu wa kishangazi, kwamba magari 15 hayataigandisha Ghuba ya Hudson. Akasema ajua. Kambini waliambiwa wazi kwamba mzigo mkubwa uko mikononi mwa serikali na makampuni makubwa, na kwamba mtu asiyeweza kuwageuza watu anaowajua hatakuwa na la kuwaambia asiowajua. Sasa anaandika barua kwa halmashauri ya mji wao juu ya mabasi ya shule. Imetiwa saini na wazazi wa chuo chote, yule mzee akiwa wa tatu katika orodha.

Mama naye ameshikwa na jambo jipya. Kila inapoingia Novemba, akipigiwa simu kutoka Winnipeg, shikamoo haijaitikiwa vizuri yeye ameshauliza: “Imeshika?” Safari ya mwisho binti alimjibu, “Bado, nyanya. Wasema juma lijalo.” Mama akanyamaza kidogo, akauliza tena kama yule mwenye watoto wawili ameonekana.