Ndege wa Msimu na Ulimi wa Mwongozaji

Ifikapo mwezi wa Agosti, pepo za kusi zikiwa bado hazijalegea, wageni huanza kutua katika hori ya Mida, ule mkono wa bahari unaoingia barani kati ya Watamu na Gede katika Kaunti ya Kilifi. Wageni hawa hawateremki katika kiwanja cha ndege cha Malindi, kwani wao wenyewe ndio ndege. Wapo waliotoka Siberia, kwenye nyanda baridi zisizo na miti za rasi ya Taimyr, na wapo waliotoka visiwa vya mchanga vya Ghuba na pwani ya Oman. Kufikia Oktoba na Novemba huwa wametimia kwa maelfu, na hapo ndipo binadamu nao wafikapo, darubini shingoni, ili kuongozwa kuwatazama.

Oktoba iliyopita nilijiunga na msafara mmoja wa namna hiyo. Sikwenda kwa sababu ya ndege, nilikwenda kwa sababu ya lugha. Mimi ni mwalimu wa isimu, na ndege wa pwani niliokuwa nikiwajua kwa majina kabla ya siku hiyo hawakuzidi vidole vya mkono mmoja. Nilitaka kusikia jinsi kazi hiyo inavyotamkwa.

Mwongozaji wetu alikuwa kijana wa Kigiriama mzaliwa wa papo hapo, na nakiri bila kigugumizi kwamba nimehudhuria mihadhara ya maprofesa isiyofikia nusu ya somo lake. Kwanza alitufunza kwamba msafara wa ndege haufuati saa ya mkononi, bali hufuata maji. Maji yakipwa, ndege hutawanyika juu ya tope hadi wakawa nukta tu mbele ya macho. Maji yakianza kujaa, husukumwa kidogo kidogo kuelekea pale uliposimama, hadi wakabanana kwenye fungu la mwisho la mchanga, na wengine wakaparamia matawi ya mikoko. Siku za bamvua kazi hiyo ni ya haraka na siku za maji mafu ni ya subira. Haya yote aliyaeleza kwa Kiingereza fasaha, kwa kuwa wawili kati yetu walitoka Ulaya na ndio waliolipa zaidi.

Alituonyesha ndege mmoja mdogo mwenye mdomo mrefu uliopinda kidogo, uzito wake gramu 60 hivi, ambaye husafiri zaidi ya kilomita 8,000 kutoka Taimyr hadi kwenye tope la Mida. Wazazi hutangulia. Hufika Agosti wangali na mabaki ya manyoya mekundu ya arusi, kisha hugeuka kijivu kama waliovua nguo za sherehe. Watoto wao, walioanguliwa mwezi wa Juni au Julai, hufuata baadaye peke yao, bila baba wala mama wa kuwaonyesha njia. Kisha akatuonyesha mwingine, mweupe na mweusi, mwenye miguu mirefu na mdomo mnene kama kisu. Waingereza wamemwita kwa chakula chake, nacho ni kaa. Huyu hutaga yai moja tu ndani ya shimo alilolichimba mwenyewe mchangani, katika pwani za Uarabuni na majirani zake, na joto la mchanga humsaidia kuatamia. Tofauti na yule mdogo, yeye huja na mwanawe, na hata baada ya kufika huku utamwona kinda aliyekwisha kukua akimwandama mzazi, akilia kuomba kulishwa.

Tulikuwa tungali hapo lilipofika darasa la wanafunzi wa shule ya msingi ya jirani, kama thelathini hivi, pamoja na mwalimu wao. Mwongozaji aliwageukia na kubadili lugha. Nayanukuu maneno yake yote, kwa kuwa si mengi: "Watoto, hawa ni ndege wa kuhama. Wanatoka mbali sana. Msiwatupie mawe." Akarejea kwenye darubini yake.

Msomaji asidhani namlaumu kijana huyu. Nilimuuliza baadaye, tukinywa maji ya dafu, kwa nini somo la saa mbili liligeuka sentensi tatu. Akanijibu: "Mwalimu, hawa mimi nimewajua kwa Kizungu. Kwa Kizungu nina vitabu, nina mtihani niliopita. Kwa Kiswahili nina nini?"

Swali hilo limenikosesha raha tangu siku ile, maana mwenye kuulizwa alikuwa mimi na si yeye. Kitabu alichokuwa nacho mkobani, kile cha Stevenson na Fanshawe kilichotoka kwa mara ya kwanza mwaka 2002, kinaeleza ndege wa Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi. Sijui nchi nyingine tano zilizopakana ambazo zingeweza kusomeshwa kitabu kimoja kwa lugha moja ya Kiafrika kwa urahisi kama hizi. Lakini kitabu hicho ni cha Kiingereza, na lawama si ya waandishi. Sisi wenye lugha hatujaandika chetu.

Fungua kamusi zetu utazame. Neno la ndege likipatikana, mara nyingi maelezo yake ni "aina ya ndege", au ukibahatika, "aina ya ndege wa pwani mwenye miguu mirefu". Ni sawa na kumweleza mtu kwamba Mombasa ni aina ya mji. Mtunga kamusi aliyeandika hivyo huenda alilisikia jina kwa mvuvi, akalinukuu kwa uaminifu, lakini hakwenda ufuoni kumwona mwenye jina. Matokeo yake tuna majina yasiyo na ndege katika kamusi na ndege wasio na majina katika hori.

Si kwamba lugha ni fukara. Yule ndege mkubwa wa kahawia, mwenye mdomo mrefu uliopinda kuelekea chini, anaitwa sululu, jina lile lile la chombo cha kuchimbia ardhi ngumu. Atakayemwona mara moja akichokoa tope hatahitaji mwalimu wa isimu amweleze uhusiano uliopo baina ya mdomo na chuma. Tunao shakwe, tunao mwari na heroe, tunaye kulasitara, na mbayuwayu ambaye kila mtoto anamfahamu. Pengo lipo kwa hao wadogo wa kijivu, wanaofanana kama mapacha, ambao ndio wengi na ndio watokao mbali kuliko wote.

Hata neno "kuhama" lenyewe linanitatiza. Katika Kiswahili cha kawaida, aliyehama amebeba godoro na masufuria yake, naye harudi. Nyumba keshampisha mwingine. Ndege hawa hurudi. Wana makao mawili, na kila mwaka huenda na kurejea kwa majira yasiyokosewa. Wapwani walikuwa na neno la mwendo wa namna hiyo tangu zamani za majahazi, nalo ni msimu. Vyombo vya Oman na Ghuba vilikuja na kaskazi na kurudi na kusi, na safari yote hiyo, pamoja na upepo na biashara yake, ilikuwa ndani ya neno hilo moja la asili ya Kiarabu. Waingereza nao walilipata kwa njia zao, wakaliita hivyo mpaka leo upepo wenyewe. Yule ndege mla kaa anatoka pwani zile zile zilizotuletea tende na mazulia. Nadhani "ndege wa msimu" ni jina sahihi zaidi kuliko "ndege wahamaji", na tena halihitaji kubuniwa, linahitaji kukumbukwa tu.

Najua pingamizi litakaloletwa. Watasema Kiingereza ndicho kiletacho fedha, na mgeni njoo mwenyeji apone. Silipingi hilo. Pale Mida lipo daraja la mbao linaloning'inia katikati ya mikoko, na ada ya kulipita imewasaidia watoto wa vijiji vya kandokando kulipiwa karo ya sekondari, kupitia mpango wa ASSETS ulioanzishwa na shirika la A Rocha Kenya mwaka 2001. Atakayedharau hayo hajawahi kumtafutia mtoto karo. Lakini na tukumbuke mwaka 2020, korona ilipofunga njia za angani na watalii wa ng'ambo wakatoweka. Hoteli za pwani ziliwageukia Wakenya. Je, mwongozaji aliyefunzwa kueleza elimu yake kwa lugha moja tu alikuwa na bidhaa gani ya kumuuzia mama wa Nakuru aliyekuja na wanawe kupunga upepo? Alikuwa na sentensi tatu.

Hata hivyo, fedha si jambo linaloniudhi zaidi. Tangu sheria ya mazingira ya mwaka 1999, miradi mikubwa haina budi kufanyiwa tathmini na umma kupewa nafasi ya kutoa maoni. Tathmini hizo huandikwa kwa Kiingereza, na orodha za ndege zilizomo huwa kwa Kiingereza na Kilatini. Mwaka 2024 mpango wa kujenga kituo cha nguvu za nyuklia huko Uyombo, karibu na mlango wa hori hii hii, ulizua maandamano ya wenyeji. Simo katika mjadala wa umeme, wala sina elimu yake. Nasema tu kwamba mtu anaposimama barazani kutetea au kukubali jambo lihusulo tope lile, ni haki yake aweze kutaja kwa lugha yake kilicho ndani ya tope hilo. Asiyeweza kukitaja ataambiwa na wataalamu kwamba hakioni. Na wakati wenyewe ni mbaya: mwezi wa Oktoba 2024 shirika la IUCN lilizishusha aina 16 za ndege wa ufuoni wa msimu hadi madaraja ya hatari zaidi, yule mdogo wa Taimyr akiwa miongoni mwao. Katika habari hiyo gazeti la Kiswahili lingemwitaje?

Hapo ndipo wenzangu wa vyuo vikuu watakapotaka kuunda kamati. Naomba wasiunde, au angalau wasianzie hapo. Tumekwisha kuona istilahi zilizotungwa mezani na kufia mezani. Siku ile ile niliyokwenda na msafara, nilimkuta mzee mmoja akichimba chambo. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitika, "Marahaba, mwanangu," wala hakuacha kuchimba. Nilipomuuliza kuhusu ndege, alinitajia majina manne ya wale wakubwa bila kufikiri, na jina moja tu kwa wadogo wote. Wanabiolojia wangemsahihisha. Mimi naona alikuwa na sababu. Wakubwa huwaeleza wavuvi mambo: huyu akisimama pale, maji ni ya kina hiki, yule akiruka, kuna mtu au mnyama anakuja. Wadogo hawamwambii kitu, basi akawafunga tita moja. Majina hayo sitayaandika hapa, kwa kuwa neno la shahidi mmoja si ushahidi, na sitaki kesho niyakute ndani ya kamusi kwa sababu tu mwenye shahada aliyachapisha gazetini. Lakini ipo haja ya kuyakusanya, ya Kigiriama na ya Kibajuni, ya Vanga na ya Lamu, kutoka kwa wazee kama yule, wangali hai na wangali wanachimba. Pale watakapokosekana wa kulitaja jina, hapo waongozaji wenyewe, wanaowatazama ndege hawa kila siku, wabuni lao. Kamati ije mwisho, kuandika.

Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na tena lugha rasmi. Wakuu wa utalii hukitumia vizuri sana katika "Jambo" na "Karibu". Mtihani wa mwongozaji, kwa maoni yangu, ungekuwa na sehemu ya kumwonyesha mtoto wa darasa la tano ndege mmoja kwa Kiswahili kwa dakika kumi, bila kurudia neno "mbali". (Suala la kumwita mtu huyo nani nalo lipo. Baadhi yao hujitambulisha kwa neno la Kiingereza, ambalo likitamkwa Kiswahili huwa "gaidi", na sidhani jina hilo linafaa kuandikwa kwenye fulana ya mtu anayepokea wageni.)

Mwaka huu, mwezi wa Oktoba, siku za bamvua, wanafunzi wangu wanne wa shahada ya uzamili watapiga kambi karibu na Mida wakiwa na vinasa sauti, picha za ndege na madaftari. Watakwenda ufuoni maji yakipwa, kwa wachimba chambo, na watarejea yakijaa, kwa waongozaji. Yule kijana nimemwomba awe mwenyeji wao na mwalimu wao wa ndege. Amekubali, ila ameniuliza kama atalipwa kwa siku au kwa jina. Nimemwambia kwa siku, kwani kwa jina angenifilisi.